Tundu la Chubwi

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa kazini Riyadh, nimeshika jino la mtu. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Daktari ananiletea nakala ya kinywa cha mgonjwa, nami natengeneza jino kwa nta, nalizungushia plasta, nalitia kwenye tanuri mpaka nta yote iyeyuke, kisha namimina metali pale nta ilipokuwa. Likishatoka nalisugua mpaka ukingo wake unakaa juu ya kisiki cha jino bila nafasi ya kupita unywele. Najivunia kazi hii, wala sioni haya kusema. Wenzangu wananiita mbishi, mimi najiita fundi.

"Mdogo wangu," akasema kaka, "unaweza kutoboa kalibu?"

"Kalibu ya nini?"

"Ya chubwi."

Nilicheka mpaka nikaliweka jino chini. Nilikuwa sijalisikia neno hilo tangu niingie Saudia. Chubwi ni kile kipande cha risasi kinachofungwa kwenye mshipi ili ndoana izame, na sisi tuliozaliwa Tanga tumeyachezea machubwi kabla hatujajua kuandika. Lakini kaka hakucheka, na kaka asipocheka ujue pana jambo.

Yeye ni dereva wa mzee mmoja huko Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kumpeleka mzee msikitini, kumpeleka Balad, mji wa kale, akanywe chai na wenziwe wa zamani, na kila Ijumaa kumpeleka baharini kuvua. Halafu mzee akapigwa na kiharusi. Akapona, alhamdulillah, lakini mwili ulibaki mzito. Msikitini akaacha kwenda, akawa anasali nyumbani. Balad akaacha, ngazi za kule hakuziweza tena. Ikabaki Ijumaa tu, na sasa hata hiyo Ijumaa alikuwa ameanza kuikataa.

"Bosi ameniita," kaka aliniambia. Bosi ni mtoto mkubwa wa mzee, ndiye kafili wake, mdhamini anayemlipia ikama, kile kibali cha kuishi Saudia. "Kasema kwa adabu kabisa, sina la kumlaumu. Ikama yangu inakwisha mwisho wa mwezi. Kasema kama baba haendi popote, dereva wa nini? Wanawake wa nyumbani wanaendesha wenyewe siku hizi. Kasema Ijumaa moja atakuja mwenyewe baharini aone. Kama mzee anakaa tu pale kama mzigo, halas, nirudi kwetu."

Kaka ana watoto wawili shuleni Tanga na nyumba ambayo haijaezekwa. Mtu wa umri wake akirudi kwa ghafla hivyo, ataanzia wapi? Nilihisi damu imenipanda kichwani.

"Sasa kalibu inaingiaje hapo?" nikauliza.

Akanieleza. Mzee havui kwa fimbo, anazidharau. Anavua kwa mshipi wa mkono, ameulaza juu ya kidole cha shahada, na raha yake yote iko pale kwenye kidole. Kiharusi kilikifanya kidole kizito. Chubwi lake ni la kizamani, limefungwa kwenye mshipi na halisogei, kwa hiyo samaki akionja chambo anavuta kwanza uzito wa risasi, na ule mguso mdogo hauwahi kufika juu. Samaki wanakula, wanakwenda zao, mzee amekaa hajui kitu. Akivuta mshipi anakuta ndoana tupu. Wiki baada ya wiki, ndoana tupu. Siku hizi hata hazungumzi wakiwa njiani kurudi.

"Chubwi lenye tundu katikati," nikasema mara moja. "Mshipi upite ndani uteleze. Samaki avute mshipi tu, asivute risasi."

"Mbona unanifundisha mimi? Mimi si nimezaliwa kabla yako?"

"Basi kanunue, madukani yapo!"

"Nilinunua. Aliyatupa baharini, moja baada ya jingine, na jina la Mwenyezi Mungu akalitaja."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wavuvi wa zamani wa Jeddah kila mmoja alisubu chubwi lake, akimimina risasi mwenyewe kwenye kalibu. Mzee huyu ana kalibu ya shaba aliyorithi kwa baba yake, inayotoa chubwi lenye umbo la tende, bapa kidogo ili lilale juu ya mwamba lisinase. Kuvua kwa chubwi la dukani, kwake, ni sawa na kwenda harusini kwa kanzu ya kuazima. Tundu lilitakiwa litokee ndani ya kalibu ileile, au lisiwepo kabisa.

"Na mwenyewe amekubali itobolewe?"

"Nimemwambia nina mdogo wangu wa kike anatengeneza meno Riyadh. Akaniambia, basi mwache ajaribu. Akiiharibu, nitamng'oa meno yote bila ganzi."

Nikampenda mzee huyo kabla sijamwona.

Nilimwona siku chache baadaye, walipomleta Riyadh kwa ndege kuonana na daktari bingwa. Nilikwenda kuwasubiri kwenye maegesho ya hospitali wakati wa mapumziko ya adhuhuri, jua likiwa limepanda mpaka lami inanata. Alikuwa mzee mwembamba, anatembea kwa mkongojo, macho yake makali. Nikamsalimia, "Ami, shikamoo," kwa kusahau, kisha nikamsalimia kwa Kiarabu. Kaka akanikonyeza. Mzee akatoa kalibu mfukoni mwa thobe lake, imefungwa kitambaa chekundu, akanipa kwa mkono wa kushoto. Vipande viwili vya shaba vilivyounganishwa kama koleo, mipini yake imezungushiwa kamba iliyokuwa nyeusi kwa masizi na jasho. Nilipoifungua, lile shimo la tende lilikuwa laini ndani kama sikio la mtoto.

"Baba yangu hakuitoboa," akasema mzee.

"Baba yako kidole chake kilikuwa kizima, ami," nikamjibu. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, unafika mahali kabla yangu. Kaka aligeuka upande, akajifanya anatafuta ufunguo. Mzee akacheka bila sauti, mabega yanatikisika.

Nilimwomba bosi wangu wa maabara ruhusa ya kutumia vifaa baada ya kazi. Akasema yalla, mradi nisimvunjie ncha za kekee. Wallahi sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya kazi kama siku zile. Kutengeneza meno ni kazi nzuri, lakini ni kitu kilekile kila siku, na hapa nilikuwa na kitu kimoja tu duniani, na kikiharibika hakuna kingine. Nilianza kwa kumimina nta ya waridi ndani ya kalibu, ile tunayotumia kwa meno. Ikaganda, nikafungua, ikatoka tende ya waridi ya kutamanisha. Nikaipima na kuipindua mpaka nikapata mstari wa katikati, kutoka ncha hadi ncha. Kisha nikaibana kalibu kwa nguvu, vipande vyote viwili pamoja, nikatoboa kwenye kiungo chake, ili nusu ya tundu iwe upande huu na nusu upande ule. Kekee ilipoanza kula shaba, vumbi la dhahabu likaruka juu ya kidole changu, na mimi nikawa naongea peke yangu, "Taratibu, mama, taratibu." Ilipotokea upande wa pili bila kupinda, nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimejikata.

Sasa kilihitajika kitu cha kukaa ndani ya lile tundu wakati wa kusubu, ili risasi ikizunguke na kuacha njia. Nilikwenda soko la Batha, nikazunguka mpaka nikapata shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, ambayo yenyewe imekonda kuelekea nchani. Muuzaji akaniuliza nashona magunia mangapi. Nikamwambia nashona bahari. Nikalisugua shazia mpaka likang'aa nikajiona sura.

Alhamisi jioni nikapanda ndege kwenda Jeddah, na Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye ua wa nyumba ya Al-Safa, mbele ya chumba cha kaka kilicho kando ya lango. Tuliweka jiko la gesi mahali upepo unapotupitia na kwenda zake, nikawavalisha wote barakoa na glavu, mzee naye, kwa maana moshi wa risasi si wa kuchezea. Mzee alilalamika kwamba amesubu miaka yote bila kitambaa usoni. Nikamwambia ndiyo maana amekuwa mkaidi. Bosi wa kaka alikuwa amesimama barazani na kikombe cha kahawa, anatutazama.

Kaka alikuwa ameokota vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu kwa fundi wa matairi kule Kandara. Tukaviyeyusha kwenye sufuria ya chuma, tukaondoa taka juu, ikabaki inang'aa kama zebaki. Nikalipachika shazia, kaka akafunga kalibu, nikamimina. Tukangoja. Tukafungua. Tende ya risasi hii hapa, imekamilika, na shazia limepita katikati! Nikalivuta, halikutoka. Nikalivuta tena. Kaka akasema, "Lete hapa, mambo ya nguvu tuachie wenyewe," akashika koleo, akakanyaga, akavuta. Koleo likachomoka akaanguka chali juu ya ndoo ya maji. Shazia likabaki palepale.

Mzee alicheka safari hii kwa sauti. Nilimwona bosi amegeuka kwa haraka, kama mtu aliyeitwa.

"Binti," mzee akaniambia, "kalibu umeipaka masizi?"

"Nimeipaka."

"Na sindano?"

Sindano nilikuwa nimeing'arisha. Kwenye kazi yangu uchafu ni adui, na kwenye kazi yake masizi ndiyo yanayotenganisha risasi na chuma. Akaomba mshumaa, akalishika shazia jingine nililokuja nalo juu ya moto, akaligeuza polepole mpaka likawa jeusi lote. Tukasubu tena. Safari hii nilivuta kwa vidole viwili tu na shazia likatoka kama linatoka kwenye samli. Nikaliinua lile chubwi na kulielekeza juani. Tundu! Duara la anga la Jeddah ndani ya risasi! Nikarukaruka, mtu mzima mimi, na abaya langu. Mzee akaninyang'anya, akapitisha mshipi, akaliinamisha huku na huku, chubwi likawa linateleza kama ushanga. Akarudia na kurudia.

Tulisubu mengine. Yalipopoa nikayachukua kuyamalizia, na hapa ndipo nilipojimwaga. Nilikuja na visu vyangu vidogo vya kazini. Mdomo wa kila tundu niliuchonga, nikaondoa kila chembe, nikauacha ukingo umesimama, safi, mwembamba, sawa na ukingo wa jino. Daktari akiona ukingo butu anakurudishia kazi na maneno juu yake. Sijawahi kurudishiwa. Kaka akapitisha jicho, akasema, "Haya sasa ni mapambo, si machubwi." Nilivimba kichwa.

Baada ya alasiri tukaenda. Kaka aliendesha, mzee mbele, mimi nyuma na ndoo ya chambo, na bosi akatufuata kwa gari lake. Njia nzima kaka alikuwa anajaribu kupiga soga, lakini nilimwona anavyoushika usukani. Alijua Ijumaa hii ndiyo ile. Tukafika kwenye mawe ambapo mzee ana mahali pake, tukamwekea kiti cha plastiki, kaka akamfungia ndoana na ngisi. Bosi akasimama pembeni na simu yake mkononi.

Mzee akatupa kwa mkono wa kushoto. Chubwi likazama. Akaulaza mshipi juu ya kidole na kufumba macho.

Tukakaa. Wavuvi wa pande zote walikuwa wanapata changu wadogo wadogo, wanawatia ndoo. Kwetu mafi, hakuna kitu. Bosi alitazama saa. Mimi nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa madrasa, hata ile ya kuingilia msalani.

Ghafla mzee akafumbua macho.

"Anaonja," akanong'ona. Hakuna kilichotikisika. "Anaonja, nawaambia! Namsikia!" Kidole chake kikaenda mbele kidogo, mshipi ukateleza, ukateleza tena, kisha akavuta kwa bega zima. "Ja!" akapiga kelele, amekuja, "Ja! Ja! Ja!"

Mshipi ulikaza kama waya wa umeme. Mzee akasimama bila mkongojo. Kaka akaruka kumshika, akasukumwa kwa kiwiko: "Niache! Wangu!" Kwa hiyo kaka akamshika kiunoni tu asianguke, na mzee akawa anavuta kwa kushoto, anabana kwa meno, anavuta tena, na sisi wote tunapiga kelele, mimi kwa Kiswahili, mzee kwa Kiarabu, na hata bosi aliyekuwa ameshika simu alikuwa juu ya jiwe anaita, "Mlegezee, baba! Mlegezee kidogo!" Samaki akageuka chini ya maji, tukaona mgongo wa kahawia wenye madoa, chewa, chewa mkubwa, wallahi simwongezei. Akapiga mkia na kuzama.

Mshipi ukakatika.

Ulirudi juu ukiwa mwepesi kama uzi wa kushonea. Mzee akakaa kitini. Mimi niliishika ile ncha na kuitazama. Mshipi haukukatwa na mwamba. Mwamba unakwaruza. Huu ulikuwa umekatwa safi, na ninajua kazi ya mkono wangu. Ukingo wangu, ule mwembamba wa kujivunia, ndio uliokuwa unaunyoa mshipi kila unapoteleza. Nimeikata ikama ya kaka yangu kwa kisu changu mwenyewe, nikawaza, na kwa ustadi mkubwa.

Mzee alitoa chubwi jingine kwenye mfuko, akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa tundu, akanionyesha mstari mwembamba wa damu.

"Binti," akasema, "anayeng'ata ni samaki. Si chubwi."

Nikaanza kuomba radhi, machozi yananilenga, lakini mzee alikuwa ameshanisahau. Amemgeukia mwanawe. "Ulimwona? Nilimsikia kabla hajala! Alikuwa hivi." Akatanua mikono yote miwili, wa kulia ukitetemeka hewani. "Hapana, hivi. Kichwa chake peke yake!" Jirani mmoja akasogea kuuliza, mzee akamsimulia, na samaki akawa tayari anamzidi kaka kifua. Alipomsimulia wa pili, yule chewa alikuwa amefika ukubwa wa kondoo wa Idi, na alikuwa amemvuta mzee mpaka viatu vikaingia majini. Viatu vilikuwa vikavu.

Nilimtazama bosi. Alikuwa anamsikiliza baba yake, midomo imebana.

"Zamani kila Ijumaa alikuwa anatudanganya hivi," akaniambia taratibu. "Tangu augue hajatudanganya hata mara moja."

Akageuka, akafuta uso kwa ncha ya ghutra, kitambaa chake cha kichwani, akasimama akibonyezabonyeza simu. Mzee alikuwa anamwamuru kaka asugue matundu yote kwa msasa, ayafanye ya mviringo, Ijumaa ijayo hataki kuona makali. Kaka alikuwa anaitika "Ndiyo, baba, ndiyo, baba," kwa sauti isiyo na maji, kwa kuwa Ijumaa ijayo hakujua atakuwa wapi.

Simu ya kaka ikalia mfukoni. Akaitoa, akasoma ujumbe, akausoma tena. Halafu akanipa mimi, kwa sababu alikuwa hayaamini macho yake. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, kavu kama zinavyoandikwa taarifa za serikali: ikama imehuishwa, mwaka mmoja.

Nilipiga yowe. Kaka akanikumbatia, tukazunguka juu ya mawe kama watoto, yeye analia, mimi nacheka. Watu wa mawe ya jirani wakaja mbio na ndoo, wakiuliza kama tumempata.

"Tumempata," kaka akawaambia.